Sosaiti ni ya Nani? Habari ya Wakulima wa Kahawa wa Kilimanjaro

Katika semina yetu ya mwisho ya viongozi wa vikundi tulifundisha juu ya vyama vya ushirika. Siku ya pili, baada ya chai, mama mmoja mkulima wa kahawa aliinua mkono akasema: "Nyinyi mnatuambia sosaiti ni mali ya wanachama. Mimi ni mwanachama tangu mzee wangu afariki. Namba ninayo, na kitabu ninacho. Lakini bei siijui, makato siyajui, na nikimuuliza karani ananiambia nirudi kesho. Sasa hiyo mali yangu iko wapi?"

Tulimjibu, lakini hatukumjibu vizuri. Tulimsomea maneno ya sheria, naye akaketi kwa heshima tu, kama mtu aliyepewa maji akiwa ameomba chakula. Tangu siku hiyo tumekuwa tukifikiri namna ya kumjibu. Tumeona afadhali tueleze habari ya chama kimoja cha majirani zetu, kwa maana swali lake waliliuliza wao kabla yetu, na walilipa sana ili wapate jibu.

Chama chenyewe ni KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, Tanzania. Wasomaji wetu wa Taveta na Loitokitok wanauona mlima ule kila asubuhi mawingu yakiondoka. Tumechagua hicho kwa sababu ni kati ya vyama vikuu vya ushirika vya zamani zaidi vya wakulima Waafrika, na pia kwa sababu kila jambo ambalo linaweza kupata sosaiti, jema ama baya, limeshakipata.

Kahawa ilifika Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19. Ililetwa na wamisionari Wakatoliki waliojenga misheni ya Kilema. Wachagga wakaichukua polepole, wakaipanda ndani ya kihamba, yaani lile shamba la nyumbani ambalo mtu analirithi kwa babake, lenye migomba na maji ya mfereji. Mgomba ukaipa kahawa kivuli, na samadi ya ng'ombe wa nyumbani ikaipa mbolea. Hawakuhitaji kung'oa chakula ili wapande pesa. Hili ni jambo kubwa, na tungeomba mlikumbuke, kwa sababu mtu ambaye ana ndizi jikoni hauzi kahawa yake kwa haraka.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakaichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani. Bwana DC wa Moshi, Charles Dundas, akawahimiza watu wapande kahawa kwa wingi. Masetla wa kizungu waliokuwa na mashamba chini ya mlima hawakupendezwa hata kidogo. Walisema Waafrika wataleta magonjwa ya kahawa, wataharibu sifa yake sokoni, na wezi watapata mahali pa kuficha kahawa ya wizi. Sababu ambayo hawakuisema kwa sauti ni kwamba Mwafrika mwenye kahawa yake haendi kuchuma kahawa ya mwingine kwa mshahara mdogo. Hapa kwetu Kenya masetla walisema maneno hayo hayo, na kwetu wakasikizwa. Waafrika wa Kenya hawakuruhusiwa kupanda kahawa mpaka miaka ya 1930, na hata hapo ilikuwa ni vijisehemu vya majaribio huko Kisii, Embu na Meru. Sehemu nyingi zilingoja hadi miaka ya 1950. Wazee wetu wengi wanadhani kahawa ya Mwafrika ilianza na Mpango wa Swynnerton wa 1954. Huko ng'ambo ya mpaka, wakati huo, watu walikuwa wanasomesha watoto kwa kahawa kwa zaidi ya miaka 20.

Walifanyaje ili wasinyimwe? Walijiunga. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, kwa kifupi KNPA, na Joseph Merinyo akawa rais wake. Kilinunua dawa na pampu za kunyunyizia, kikauza kahawa pamoja, na kikasimama mbele ya serikali kila mara masetla walipotaka wakulima wadogo wapigwe marufuku. Chama hicho hakikuletwa na ofisa yeyote kwa lori. Dundas alikiunga mkono, ni kweli, lakini haja ilikuwa ya wakulima wenyewe na woga wa kunyang'anywa ulikuwa wao.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, KNPA ilianza kusemea mambo ya ardhi. Hapo serikali ikakunja uso. Machifu, ambao kwa Wachagga waliitwa mangi, pia walianza kuona kuna mkubwa mwingine amezaliwa mlimani. Wakati huohuo hesabu za chama zilikuwa na shida na madeni yalikuwa yamepanda. Sisi hatutaki kuficha hilo. Watu wengine wakisimulia habari hii wanasema serikali iliua chama cha wananchi. Wengine wanasema kilijiua kwa buku mbaya. Yote mawili yalikuwako, na la pili ndilo lililolipa la kwanza nafasi. Kikundi chenye hesabu safi ni kigumu kukifunga, hata kama mkubwa anakichukia.

Mwaka 1932 Tanganyika ikatungiwa sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 KNPA ikabadilishwa kuwa KNCU. Mpango wake mpya ni ule ambao wengi wenu mnaujua hata leo. Kila eneo lina chama cha msingi, ambacho sisi tunakiita sosaiti. Mkulima anapeleka kahawa huko. Sosaiti zote zinaungana katika chama kikuu, na chama kikuu ndicho kinachotafuta soko, kinaajiri makarani, kinakopa pesa za msimu. Mrajisi wa serikali anakagua hesabu. Meneja aliyeajiriwa alikuwa Mwingereza, A. L. B. Bennett. Kwa upande wa kazi, mambo yalitengenea: hesabu zikanyooka na kahawa ikapata jina.

Lakini kulikuwa na msumari ndani ya mkate. Mwaka 1934 ikawekwa amri kwamba kahawa yote ya Wachagga lazima iuzwe kupitia KNCU. Asiyetaka, hana njia nyingine. Hebu tufikiri pamoja hapa. Amri kama hiyo ina faida yake. Chama kikipata kahawa yote kinaweza kukopa kwa urahisi, kinaweza kubishana na mnunuzi, na hakuna mjanja atakayetumia dawa ya chama halafu auze kahawa yake kando. Tumeona vikundi vingi vikifa kwa sababu ya wajanja wa namna hiyo. Ila tangu siku ya amri, mkulima aliyekasirika hakuwa na mlango wa kutokea. Na mtu asiye na mlango wa kutokea, mwenye nyumba hana haja ya kumpendeza.

Bei za dunia zilikuwa zimeanguka katika miaka ile ya 1930. Malipo yakaja kidogo, tena kwa kuchelewa. Wakulima wakauliza kuhusu makato, wasipate jibu la kuwaridhisha. Mwaka 1937 watu katika sehemu kadhaa za mlima walivamia maghala ya sosaiti na kuyavunja. Serikali ilizima ghasia hizo kwa nguvu. Hebu tazameni: waliovunja ghala walikuwa wanachama, na ghala lilikuwa lao kwa maandishi. Nani anavunja mlango wa nyumba yake? Ni yule ambaye hana ufunguo.

Baada ya ghasia kanuni zilirekebishwa, bodi ya kahawa ya wenyeji ikaundwa, na watu walirudi kwenye sosaiti zao. Kisha zikaja neema. Baada ya Vita vya Pili bei ya kahawa ilipanda, na miaka ya 1950 mlima ulibadilika: mabati, shule, zahanati, barabara. KNCU ilijenga jengo kubwa mjini Moshi lenye hosteli juu. Wageni walitoka nchi nyingine kuja kuangalia jinsi Waafrika wanavyoendesha biashara kubwa namna hiyo. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilifunguliwa papo hapo Moshi, na tangu 2014 kimekuwa chuo kikuu kamili cha ushirika. Kutoka kahawa ya kihamba mpaka chuo kikuu, si jambo dogo.

Kabla hatujaendelea tueleze kidogo habari ya malipo, kwa maana ugomvi mwingi wa sosaiti unazaliwa hapo. Kilimanjaro mkulima wa zamani alikuwa na mashine yake ndogo ya mkono ya kumenyea kahawa nyumbani. Aliimenya, akaichachua, akaiosha, akaianika juani, akapeleka sosaiti kahawa ya maganda iliyokauka. Hapa Kenya sisi tunapeleka matunda mabichi faktori siku ileile ya kuchuma, na faktori ndiyo inayofanya kazi iliyobaki. Tofauti hii inaonekana ndogo lakini sivyo. Kahawa iliyokauka inaweza kukaa darini ikingoja. Tunda bichi likilala linaoza, kwa hivyo sisi hatuwezi kungoja wala kubishana. Kwa upande mwingine, kahawa ya faktori inafanana yote, na ile ya kumenyewa nyumbani inatofautiana, ya huyu safi, ya yule imechachuka kupita kiasi, halafu zote zinamwagwa katika gunia moja.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni tu, si bei ya kweli. Tuseme kilo moja ya kahawa imeuzwa mnadani kwa shilingi 100. Kiwanda cha kukoboa kinachukua 6. Lori na magunia ni 3. Chama kikuu 8, sosaiti 7, ushuru 3, riba ya mkopo wa msimu 5. Jumla ya makato ni 32, na mkulima anabaki na 68. Lakini hazipati 68 siku moja. Anapewa malipo ya kwanza, tuseme 40, wakati wa kupeleka. Zile 28 zinakuja baada ya mnada, pengine baada ya miezi mingi. Katika kila mmoja wa ile mistari 6 ya makato kuna mtu ameketi. Akila shilingi moja tu, hakuna atakayeona. Wakila wote shilingi moja moja, mkulima amepoteza 6 kwa kila kilo, na hakuna mwizi wa kukamatwa.

Twende mbele. Tanganyika ilipata uhuru 1961, na serikali ikavipenda sana vyama vya ushirika, ikavianzisha mbiombio hata mahali ambapo watu hawakuwa wameviomba. Matatizo yakaja. Mwaka 1966 tume ya serikali ilichunguza vyama nchini kote ikakuta wizi, upendeleo wa jamaa, makarani wasio na ujuzi, na wanachama ambao hawakujua haki zao. Dawa iliyochaguliwa baadaye ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Sheria ya vijiji ya 1975 ilisema kijiji chenyewe ndicho kitakuwa chama cha ushirika. Na Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika, KNCU ikiwa kati yao. Maghala, malori na majengo yaliyojengwa kwa makato ya wakulima kwa miaka zaidi ya 40 yakaondoka mikononi mwa chama chao. Hakuna mkutano mkuu ulioitwa. Hakuna kura iliyopigwa.

Na saa ilikuwa mbaya. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza kahawa ya Brazil, na mwaka 1976 na 1977 bei ya dunia ilipanda kama haijawahi kupanda. Wazee wetu hapa Kenya wanakumbuka miaka hiyo: ndiyo miaka ya nyumba za mawe. Mkulima wa Kilimanjaro, wakati uleule, alikuwa anauza kwa mamlaka ya serikali ambayo hakuichagua, na sehemu kubwa ya neema ile haikumfikia. Wengine walianza kuipa kahawa kisogo, wakatia nguvu katika ndizi, maziwa na nyanya. Mbuni uliochoka haukung'olewa wala haukutunzwa.

Baada ya miaka michache serikali yenyewe iliona imekosea. Sheria mpya ilikuja 1982, na KNCU ilirudi 1984. Lakini tukiwa wakweli, kilichorudi mwanzoni kilikuwa jina. Mtu alihesabiwa kuwa mwanachama kwa sababu anaishi kijijini, si kwa sababu aliomba. Hakununua hisa kwa hiari, kwa hivyo hakuona uchungu chama kikipoteza. Ni sheria ya 1991 iliyosema wazi kwamba ushirika ni wa hiari. Hapo wakulima walianza tena kuandikishwa kwa kutaka wenyewe, mmoja mmoja.

Hawakupata muda wa kupumua. Kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini. Rudini kwenye mfano wetu. Sosaiti inatoa 40 leo na 28 huko mbele, pengine. Mnunuzi anasimamisha pikapu barabarani na kutoa 55 taslimu. Mwenye hesabu atasema 68 ni kubwa kuliko 55. Mama ambaye mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo hana nafasi ya hesabu hiyo. Sisi hatumlaumu. Kahawa nyingi ilikwenda kwenye pikapu, na KNCU, iliyozoea kupata yote, ikabaki na sehemu. Ghala ni lilelile, makarani ni walewale, na kahawa ni kidogo, maana yake gharama kwa kila kilo inapanda. Hivyo ndivyo chama kinavyoingia katika madeni hata bila mtu kuiba.

Katika miaka ya 2000 likatokea jambo ambalo linatufurahisha sisi kuliko mengine yote katika habari hii. Sosaiti kadhaa za mlimani ziliketi zikapiga hesabu zikasema: chama kikuu kinatugharimu kuliko kinavyotusaidia. Hazikuvunja ghala kama 1937. Ziliomba kuuza kahawa yao mnadani Moshi zenyewe, bila kupitia KNCU, na zikaungana katika kundi lililojulikana kama G32. KNCU haikupenda. Lakini kuanzia hapo mkulima aliweza kulinganisha: jirani wa sosaiti ile amelipwa ngapi, na sisi tumelipwa ngapi? Maneno ya karani wa "rudi kesho" hayana nguvu mbele ya risiti ya jirani.

Mwaka 2018 serikali ya Tanzania iliamuru tena kahawa ya wakulima wadogo ipitie kwenye vyama vya msingi, ambavyo sasa wanaviita AMCOS, na wanunuzi wa pikapu wakafungiwa. Wanaoijua historia ya 1934 walitikisa kichwa kidogo. Wengine walishukuru, maana mizani ya wale wa pikapu haikuwa ya Mungu.

Na sisi Wakenya? Njia yetu inafanana, ila sisi tulichelewa kuanza. Chama cha kwanza cha ushirika Kenya kilikuwa cha wakulima wazungu, huko Lumbwa, mwaka 1908. Waafrika walifunguliwa mlango na sheria ya 1945. Baada ya uhuru ikaja sheria ya 1966 iliyompa Kamishna wa Ushirika uwezo mkubwa: bila sahihi ya ofisi yake, sosaiti ilikuwa kama mtoto mbele ya baba. Kisha sheria ya 1997 ikaondoa mkono wa serikali kwa ghafla. Tulishangilia. Lakini wanachama hawakuwa wamefundishwa kukagua, na kamati nyingi zikajikuta na ufunguo wa sanduku bila mtu wa kuwachungulia. Sosaiti kubwa za kahawa zilipasuka vipande vipande, sehemu nyingine kwa mapanga. Mwaka 2004 sheria ikarekebishwa na Kamishna akarudishiwa baadhi ya mamlaka yake. Mnaona? Huko kwao mlango ulifungwa kwa amri ya juu. Kwetu ulifunguliwa usiku, wenye nyumba wakiwa wamelala.

Sasa turudi kwa yule mama. Tulimwendea mwezi uliopita, tukamsomea habari hii kama mlivyoisoma nyinyi. Alisikiza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Hao watu wa G32, walipata wapi hesabu ya kulinganisha?" Tukamwambia, waliidai. Basi akakusanya wenzake 5 wa kikundi chao cha merry-go-round, wote wanachama wa sosaiti, wakaenda ofisini kuomba taarifa ya makato ya msimu uliopita. Mara ya kwanza waliambiwa mweka hazina hayupo. Mara ya pili waliambiwa mashine ya kutoa kopi imeharibika. Mara ya tatu walikwenda na pesa zao za kopi na daftari la kunakili kwa mkono, wakaketi kwenye benchi tangu asubuhi, mmoja akifuma sweta.

Saa nane wakapewa karatasi. Ina mistari 11 ya makato. Mistari 9 waliielewa wenyewe baada ya kuisoma pamoja chini ya mti, tena mitatu waliona ni ya haki kabisa. Miwili hakuna aliyeweza kuieleza, wala karani mwenyewe. Hiyo miwili wameiandika kwa barua, wakatia sahihi wote 6, wakaomba iwekwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu. Barua ina mhuri wa kupokelewa. Kopi anayo yule mama, ndani ya kitabu chake cha kahawa.